Sifa kwa Waandishi wa Miongozo

Ripoti za MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, kutoka zahanati za Kilolo na Rungwe huishia kwenye DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi kwa miaka mingi. Mwongozo wake nao ni wa wote: kurasa ziko GitHub, na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Wanaojitolea kuunyoosha hawalipwi. Mimi nawahesabu mafundi sawa na waliounda programu yenyewe.

Chukua jambo dogo. Anayeingiza takwimu za waliojifungua kutoka kitabu namba 12 cha MTUHA huandika namba, kisha huhamia kisanduku kinachofuata. Kile cha kwanza kikigeuka kijani, namba imehifadhiwa. Sasa mvua inanyesha Tukuyu, wilayani Rungwe, na mtandao umekatika. Katika ukurasa wa zamani wa kuingizia takwimu, namba hubaki ndani ya kivinjari cha kompyuta ileile hadi mawasiliano yarudi. Mwandishi mwenye haraka ataandika, "Mfumo hufanya kazi hata bila mtandao." Ni kweli, lakini msomaji bado hajui afanye nini. Fundi ataandika, "Mtandao ukikatika, endelea kuandika. Usihamie kompyuta nyingine wala usifute data za kivinjari mpaka namba zako zipelekwe." Hapo ripoti ya mwezi mzima imenusurika.

Sentensi ya namna hiyo haipatikani kwa kukaa peke yako. Inabidi uketi kando ya mtumiaji, unyamaze (hili ndilo gumu), uone mkono wake unasita wapi. Pale unaposita ndipo pa kuandika. Kisha unafuta "bofya tu" na "ni rahisi", kwa sababu aliyekwama akiambiwa ni rahisi hujiona mjinga, akaacha kuuliza.

Kazi hii inamtaka anayejua kompyuta na anayejua kufundisha, ndiyo maana naamini Nyanda za Juu Kusini zina watu wake. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kinachofundisha vijana kompyuta. Iringa kuna Mkwawa, chuo kishiriki cha Dar es Salaam tangu 2005, kinachoandaa walimu, na mwongozo mzuri ni somo lililoandaliwa vizuri. Lugha haitukwamishi: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Kijana wa MUST, mtafute mwenzako wa Mkwawa. Chagueni ukurasa mmoja wa mwongozo, mpelekeeni anayeingiza takwimu halmashauri, mkae naye asubuhi nzima, kisha mtume marekebisho yenu.