Chokaa na Istilahi za Kemia ya Utangulizi

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, iliziba pengo kubwa. Hata hivyo, orodha ya istilahi pekee haitoshi kumwingiza mwanafunzi wa chuo katika kozi yake ya kwanza ya kemia. Neno chokaa ni ushahidi.

Katika tanuri la saruji la Athi River, mawe ya chokaa huchomwa. Joto likikaribia sentigredi 900, kila kilo 100 za kabonati safi ya kalsiamu hutoa kilo 44 za kaboni dayoksaidi na kubakiza kilo 56 za oksaidi. Oksaidi hiyo ikitiwa maji huwa haidroksaidi. Msemaji wa kawaida huviita vyote vitatu chokaa.

Wako wanaoona hapo umaskini wa lugha. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani Kiingereza nacho huvitaja vitu hivyo kwa shina moja na kuvitenga kwa kuongeza vivumishi. Mwashi wa pwani achomaye matumbawe anajua wazi lipi ni jiwe, lipi limeungua, na lipi limekunywa maji.

Kasoro imo katika ufundishaji. Vyuo vya Kenya hufundisha kemia kwa Kiingereza. Mwanafunzi hukariri fomula tatu bila kutambua kwamba zaeleza kitu kilichopakwa ukutani kwao. Istilahi na zifafanuliwe kwa mabadiliko yanayokizaa kitu, wala zisiishie kwenye jina.