Gari Limegoma Kuwaka: Mtazame Fundi Kabla Hujamlipa

Ukitaka kujua fundi wa magari ana ufundi kiasi gani, usimpelekee gari linalogonga wala linalotoa moshi. Mpelekee gari kuukuu lililowaka vizuri jana, mwenyewe akalifungua nyumbani leo asubuhi, akalifunga, na sasa halishiki. Gari halichakai usiku mmoja. Kosa limeingizwa na mkono, na lipo palepale mkono ulipopita. Fundi anayelijua hilo huwa amelipata kabla chai haijapoa. Asiyelijua atakununulisha koili, kisha pampu ya petroli, na jioni bado mnasukuma.

Kwa hiyo tazama kwanza mdomo wake, si mikono. Je, ameuliza? “Mzee, ulifungua nini?” ni swali la kila mtu. Swali la bingwa ni linalofuata: “Na ili ukifikie, ulitoa nini kingine?” Mwenye gari atasema amebadilisha gasketi ya kava la valvu, basi. Hasemi kwamba ili kava litoke alichomoa waya zote nne za plagi, akasogeza kebo ya mafuta, akavua na mpira wa vakyumu ambao sasa unaning'inia nyuma ya injini. Fundi akifungua boksi la spana kabla ya kuuliza hayo, anza kumwangalia kwa jicho la pili.

Halafu ataomba upige stata, naye atainama kusikiliza. Mlio mmoja wa “ta!” kisha kimya ni habari ya betri, vichwa vyake au stata yenyewe. Injini ikizunguka haraka na kwa wepesi kupita kawaida, haibani, na hapo huwazwa mkanda wa taimingi au valvu. Ikizunguka sawasawa lakini ikapiga chafya kwenye kabureta, basi moto upo na petroli ipo, ila vinakutana wakati usio wao. Fundi mzuri huweza kukuambia jambo hilo kabla hajashika kitu.

Chukua mfano wa Corolla za miaka ya 1980, zile ambazo Kenya ziliitwa sana DX, zenye kabureta na disitribyuta. Mwenyewe kaitoa disitribyuta kuisafisha, akairudisha. Mzunguko wa moto wa injini hii ni 1-3-4-2. Fundi wa kubahatisha atabadilishabadilisha waya hadi kitu kilipuke. Fundi wa kweli huchomoa plagi ya silinda ya kwanza, huziba tundu lake kwa kidole gumba, na msaidizi huzungusha injini polepole kwa spana kwenye puli ya mbele. Upepo ukianza kukisukuma kidole, pistoni inapanda huku ikibana. Wanaendelea taratibu hadi alama ya puli ifike mahali pake, ndipo anafungua kofia ya disitribyuta na kuangalia rota imeelekea wapi. Ikiwa imeuelekea waya wa silinda ya nne, disitribyuta imerudishwa nusu mzunguko kombo. Alama ya puli haiwezi kukuonya, maana injini huzunguka mara mbili disitribyuta ikizunguka mara moja, hivyo alama hukutana mara mbili na moja tu ndiyo sahihi. Hicho kidole gumba kwangu kina thamani kuliko mashine nyingi zinazoonyeshwa gereji.

Mtazame pia anavyosoma plagi. Baada ya kupiga stata mara kadhaa, plagi iliyolowa na kunuka petroli inasema mafuta yanafika lakini hayachomwi. Iliyo kavu inasema mafuta hayafiki, pengine mpira wa kuingiza na ule wa kurudisha imebadilishana. Akitaka kuona cheche, ataiegemeza plagi kwenye chuma cha injini akiishika kwa koleo lenye mpira, mbali na tundu linalotoa mvuke wa petroli. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ya njano na dhaifu humrudisha kwenye pointi za disitribyuta, ambazo ataziingizia kipimo cha bapa, si kuzikadiria kwa jicho.

Kosa ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu huwachuja mafundi haraka, ni la athi. Mtu ameshusha injini au giaboksi, akarudisha kila kitu isipokuwa ule msuko wa shaba unaounga injini na bodi. Stata inazunguka kwa kujivuta, betri inalaumiwa. Fundi mwangalifu hugusa kebo ya mafuta: ikiwa ya moto, umeme wa stata umekosa njia na unarudia humo. Mwenye multimita huweka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, stata ikizunguka. Zaidi ya nusu volti, athi ni mbovu. Betri nayo haijasahaulika: iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6, na stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Kipimo hicho huchukua dakika moja, na huokoa bei ya betri.

Kwa dizeli mambo ni mafupi. Filta imebadilishwa, gari limegoma: ni hewa. Fundi hupampu kwa mkono hadi pampu ikaze, hulegeza skrubu ya kutolea hewa, na hafungi hadi povu liishe na dizeli itoke nzito bila mapovu. Akirudisha washa za shaba zilizokwisha kubanwa, hewa itarudi usiku.

Kuna na tabia ndogo ndogo. Waya za plagi huwekewa namba kwa utepe kabla hazijachomolewa. Boliti hupangwa kwenye kifuniko kwa mpangilio zilivyotoka. Hubadilishwa kitu kimoja, hujaribiwa, ndipo kingine. Anayebadilisha vitatu kwa mpigo hata gari likiwaka hajui kilichoponya. Na fundi akipendekeza kusukuma gari la otomatiki ili liwake, chukua ufunguo wako.

Kuhusu malipo, patana ada ya kutafuta ubovu kabla hajaanza, na uilipe hata kama kosa ni waya mmoja uliochomoka. Fundi anayeishi kwa faida ya spea za Kirinyaga Road ya Nairobi au Ilala ya Dar es Salaam peke yake atapata shida sana kuona kwamba gari lako halihitaji spea. Mwambie akupe mkononi kila kipuri alichokitoa, kisha aliache gari lipate moto, alizime, na uliwashe wewe mwenyewe mara ya pili.