Kila Kosa ni la Kwanza

Kila ofisi ina stori zake, na nyingi husimuliwa kwenye ngazi, kwa sauti ya chini. Susan Fowler aliianika yake. Tarehe 19 Februari 2017, injinia huyo aliyekuwa ameacha kazi Uber, Marekani, aliweka kwenye tovuti yake insha kuhusu mwaka wake ndani ya kampuni. Kufikia Juni, bosi mkuu Travis Kalanick alikuwa amejiuzulu. Wengi wakiitaja huishia hapo: insha iliyoangusha bosi. Lakini hebu tuisome kama maandishi, maana nguvu yake iko kwenye namna alivyosimulia.

Hapigi kelele. Anaanza na siku yake ya kwanza kwenye timu: meneja anamtongoza kwa jumbe kwenye chati ya kampuni. Anapiga skrinshoti, anapeleka HR. Anaambiwa ati ni kosa la kwanza la huyo jamaa, na ni mtu anayechapa kazi vizuri. Achague: ahame timu, au abaki akijua huenda meneja huyo akampa tathmini mbaya. Baadaye anaongea na wanawake wengine. Kumbe nao walimshtaki meneja yuleyule, nao wakaambiwa ni kosa la kwanza.

Hapo ndipo insha inapouma. Kampuni kubwa haina haja ya kukuita mwongo. Inatosha uamini kwamba uko peke yako. Uongo ule ulisimama mpaka siku wanawake walipolinganisha waliyoambiwa.

Halafu kuna ile stori ya jaketi. Wahandisi wa kitengo chake wanaahidiwa jaketi za ngozi. Wanaume wananunuliwa; wanawake wanaambiwa wao ni wachache mno, hawawezi kupata bei ya jumla. Mwandishi mwingine angeiacha nje, akiona ni kitu kidogo. Fowler anaielezea kwa utulivu, bila kutuambia tukasirike, na tunakasirika wenyewe.

Ila kuna watu insha hii haiwaoni. Mwaka 2016, Fowler akiwa bado kazini, Uber ilishusha nauli Nairobi na madereva wakagoma. Dereva hana HR wa kumpelekea skrinshoti. Meneja wake ni programu kwenye simu. Fowler, kwa upande wake, aliondoka akiwa tayari na kazi nyingine mkononi. Hilo halipunguzi ujasiri wake, lakini linatuonyesha nani anaweza kuandika na kutia jina lake chini, na nani bado anaongelea kwenye ngazi.

Niliisoma mara ya kwanza nikiwa kwa kampuni ambayo bosi alipenda kutuambia sisi ni familia. Mshahara wangu ulikuwa umechelewa, na nilipouliza nikaambiwa ni mimi tu, kuna shida na akaunti yangu. Nilipomaliza kusoma nikamgeukia mwenzangu wa dawati la pili, nikamuuliza yeye aliambiwa nini.

Akacheka kidogo. "Si ati ni akaunti yangu."

Tukainuka, tukaenda kumuuliza wa tatu.