Dada wa Picha

Anayepiga picha za harusi Dar es Salaam anajua mambo ambayo hayafundishwi darasani. Anajua kwamba bibi mzaa mama inafaa apigwe picha mapema kabla hajachoka, anajua ni kumbi zipi zina taa za zambarau zinazoharibu rangi ya ngozi, na mshereheshaji akisema "dakika mbili tu" yeye hubadilisha betri. Anajua kumpanga mtu: kidevu juu kidogo, bega huku, mkono wa bwana harusi usibaki umening'inia bila kazi. Mpigapicha ninayemwandika hapa ameishi kwa kazi hiyo miaka mingi, pamoja na vipaimara, mahafali na picha za pasipoti. Ameifanya vizuri, na kamera imemsomeshea watoto. Lakini hakuanzia ukumbini. Alianzia gazetini, akiwa mpigapicha wa kujitegemea anayelipwa kwa picha iliyotoka, na picha ya habari ndiyo iliyomkosesha usingizi alipokuwa msichana.

Kwa nini aliiacha? Picha moja iliyochapishwa haikuwa ikirudisha hata nauli ya kuifuata, na picha kumi ambazo hazikuchapishwa hazikurudisha chochote. Harusi ina malipo ya awali. Sioni haja ya kumlaumu mtu yeyote hapo.

Kilichomrudisha ni bonde lililo chini ya mtaa wake. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unakatiza jiji na kuingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Desemba 2011 ulifurika kwa namna ambayo wengi hawakuwahi kuiona; watu wapatao 40 walifariki, na waathirika wengi wakapewa viwanja Mabwepande, mbali kabisa na walikokuwa wakipatia riziki. Baadhi yao walirudi bondeni. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba zikapigwa alama ya X nyekundu, nyingine zikabomolewa. Baadaye ukaja mradi wa kuliendeleza bonde, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022. Safari hii mali za watu zilithaminiwa, wakalipwa fidia, wakatakiwa kuhama.

Bonde hilo limepigwa picha sana. Kila masika wapigapicha husimama barabarani Jangwani wakingoja mabasi ya mwendokasi yakwame na uwanja wa Kaunda wa klabu ya Yanga ugeuke bwawa. Kiongozi akija kukagua, kamera huja naye na kuondoka naye. Ambacho hakikupigwa ni siku za katikati, ambazo hakuna maji wala mgeni rasmi: akina mama wakimwagilia mchicha, vijana wakichota mchanga mtoni, familia ikibishana juu ya kabati gani iende na gani iuzwe. Mpigapicha wetu anaishi upande wa juu, Kigogo. Alikuwa akiziona siku hizo kila asubuhi akienda kwenye kituo cha daladala, begi la kamera begani, kuwahi harusi za watu wengine. Siku moja akashuka.

Jambo la kwanza alilobadilisha ni lenzi. Ukumbini alizoea ile ndefu, ya milimita 70 hadi 200, inayomleta bibi harusi karibu ukiwa umesimama nyuma ya meza ya keki. Bondeni anashuka na milimita 35 peke yake. Kwa lenzi hiyo, ukitaka mtu ajae kwenye picha lazima uwe hatua mbili tu kutoka kwake, na hatua mbili ni umbali wa kusalimiana. Huwezi kumwibia mtu picha kwa lenzi hiyo. Atakuona, atakuuliza unatafuta nini, nawe itabidi uwe na jibu. Ameichagua kwa sababu hiyo hasa.

Lakini miaka ya harusi haikupotea. Kamera ikiachiwa kipimo chake cha kawaida haijali uso wala nguo. Hupima mwanga na kuchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ielekeze kwenye shela jeupe, italitia uchafu. Ielekeze kwa mtu mweusi aliyesimama na anga jeupe nyuma yake, itapunguza mwanga hadi uso uwe kivuli chenye meno. Nimeona picha za namna hiyo magazetini tangu utotoni, nyuso za watu wetu zimemezwa na wino, na huwa zinaniuma. Mtu aliyepiga mashela na suti nyeusi kwenye fremu moja kwa miaka mingi hakosei hapo. Anaongeza mwanga stopu moja, wakati mwingine moja na nusu, anga liungue likitaka. Uso ndio unaotafutwa.

Niliomba kumfuata asubuhi moja. Alikwenda kwa fundi seremala mmoja, mzee mwenye mvi, aliyekuwa akiibomoa nyumba yake mwenyewe. Kabla tingatinga halijafika watu huokoa kinachookoleka: bati, kenchi, nondo za madirisha, hata misumari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dada wa picha. Leo umepotea njia, huku hakuna harusi."

"Nimekuja kwako, mzee wangu. Naomba nikae hapa, na nikipiga nitakuonyesha."

"Kaa. Ila misumari yangu usiikanyage."

Akakaa kwenye tofali, kamera mapajani. Mzee aling'oa msumari, akaulaza juu ya jiwe, akaunyoosha kwa mapigo mawili matatu, akautupa kwenye kopo la rangi. Kila kamera ilipoinuka aliacha kazi, akasimama wima, nyundo kifuani, kama wanavyosimama watu wa rika lake studio. Dada wa picha hakumwambia aendelee na kazi. Alimpiga vilevile alivyotaka kupigwa, kwa uangalifu uleule wa ukumbini, akamwonyesha kwenye kioo cha kamera, wakaridhiana. Hiyo ilikuwa picha ya mzee. Kisha akaishusha kamera na kuanza kumuuliza habari za mbao. Muda ukapita. Nilikuwa nimeanza kuangalia saa, kwa maana sikuona chochote cha kupiga, nikashangaa kumwona akinyanyuka bila haraka, akizunguka nje na kupiga goti upande wa mbele wa nyumba, mahali palipokuwa na kivuli.

Yeye alikuwa ameuona mlango. Paa la nyuma lilishatoka, madirisha yalishatoka, na katika ukuta wa mbele kilichobaki ni mlango wa mninga ambao mzee aliuchonga kwa mikono yake. Alijua utakuwa wa mwisho, alijua mzee hatakubali kusaidiwa kuubeba, na alijua hakuna njia ya kuutoa isipokuwa kwa kupita palepale ulipokuwa umefungwa. Mzee akalegeza skrubu za bawaba, akaubeba mgongoni, akagundua kwamba haupiti hivyo, akaugeuza ubavu, akainama. Shata ilisikika mara chache tu. Kwenye picha aliyoichagua, uso wa mzee unatokeza ukingoni mwa mlango, vidole vimeubana hadi kucha zimebadilika rangi, na nyuma yake jua limemwagika sakafuni ndani ya chumba kisicho na paa, pamoja na ile sehemu iliyosalia nyeupe chini ya kilipokuwa kitanda. Pembeni ukutani kuna X ya zamani, imefifia, ukiitafuta utaiona. Nimeona picha nyingi za matingatinga za bonde hili na sikumbuki vizuri hata moja. Hii naikumbuka hadi kitasa.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe nusu ilikuwa inaanza. Alitoa daftari, akauliza jina kamili na jinsi linavyoandikwa, umri, miaka aliyoishi pale, na kazi yake. Mzee alisisitiza iandikwe fundi seremala, kwa sababu huko nyuma aliwahi kutokea gazetini kama "mkazi wa mabondeni" na hakuipenda. Kisha dada wa picha akamuuliza mlango unakwenda wapi. Unakwenda Kivule, mzee akajibu, kiwanja kimeshanunuliwa na tundu la mlango limejengwa kwa vipimo vya mlango huu huu. Maelezo ya picha yakaandikwa hivyo, akamsomea kwa sauti, mzee akasahihisha mwaka mmoja. Bila maelezo hayo, mimi na wewe tungeitazama picha ile na kuona msiba. Pamoja nayo tunaona mtu anayehamisha mlango wake. Wapo wapigapicha hodari ambao maelezo yao huandikwa ofisini na mtu ambaye hakuwepo, na neno "huzuni" huingizwa humo bila aliyepigwa kuulizwa. Naona huo ni uzembe mkubwa kuliko picha iliyotikisika.

Na picha haiguswi. Ukumbini anaondoa chunusi na kupunguza tumbo kwa kompyuta, mteja kalipia. Hapa hata kipande cha mfuko wa rambo kilichokaa kwenye kona ya fremu kinabaki. Mashirika makubwa ya habari hayana mchezo na hilo: Januari 2014 Associated Press ilivunja uhusiano na mpigapicha wa kujitegemea aliyekuwa miongoni mwa washindi wa tuzo ya Pulitzer, kwa kosa la kufuta kamera ya video iliyoonekana pembeni mwa picha moja ya vita vya Syria. Wengine waliona adhabu ni kali mno. Mimi naona ni sawa, kwa sababu msomaji hana namna ya kujua ni wapi pengine pamefutwa. Mtaani kwake mpigapicha wetu ana ukaguzi mkali zaidi, maana wasomaji wake walikuwepo.

Simu hazimtishi. Mafuriko yakitokea simu zitawahi, na zinastahili kuwahi. Lakini mvua ikianza tu, magrupu ya WhatsApp ya mtaa hujaa picha za mafuriko ya miaka mingine zikipita kama za leo, na watu huanza kuhamisha watoto kwa picha isiyo na tarehe. Za kwake zina tarehe, mahali na jina, na aliyezipiga anajulikana anapoishi.

Kuna wanaokataa. Mama mmoja mwenye genge alimkatalia kabisa, hakutaka kuonekana akihama. Kamera ikarudi begini papo hapo, wakazungumza bei ya nyanya, akanunua vitunguu. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka awe na kitambulisho cha mwandishi, naye anacho, na kabla ya kushuka mara ya kwanza alipita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kujitambulisha. Ila kitambulisho hakimfungulii mlango wa mtu ambaye atakutana naye tena kesho sokoni.

Napenda kuwakumbusha vijana wanaodhani habari iko mbali kwamba mpigapicha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alikulia Dar es Salaam na akafungua kampuni yake ya picha, Camerapix, hapa hapa mwaka 1963, hajafikisha hata miaka 21. Dunia inamjua kwa njaa ya Ethiopia ya 1984, kwa picha alizopiga Korem akiwa na Michael Buerk wa BBC. Kenya inamkumbuka pia kwa Julai 5, 1969, waziri Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya Nairobi na Amin akafika mapema kiasi cha kuingia kwenye gari la wagonjwa. Alikuwa na ujasiri, sawa. Lakini alikuwa pia katika mji aliokuwa akiishi, na mtu hufika haraka mahali anapopajua. Yule aliyekwenda Korem alijifunzia kazi kwenye mitaa ya Afrika Mashariki.

Dada wa picha hajaacha harusi. Jumamosi ndizo zinazolipia Jumatatu. Gazeti moja lilichukua picha ya mlango, likaipa nafasi kubwa na kulipa kidogo. Anasafishia nakala Kariakoo, anaandika maelezo nyuma ya kila moja kwa kalamu na kuwapelekea wenyewe, na kwa kuwa wenyewe sasa wametawanyika Kivule, Chanika, Mbagala na Kibaha, kupeleka picha kumekuwa kazi nyingine ya habari: anawakuta wakichimba visima, wakitafuta shule, wengine wakijuta, wengine wakisema wamechelewa kuhama. Anapiga hayo nayo. Kwa sasa anatafuta ukuta mkavu wa kuzitundika zote pamoja kabla ya masika, na penseli iliyofungwa kwa uzi ili atakayeona jina limekosewa alisahihishe. Mwenyekiti amemuahidi chumba. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani amesema anataka kuziona kwanza, na ameshapangiwa siku.