Ubora wa 355/113 umetokana na 292

Sehemu 355/113 inatoa 3.1415929, pai yenyewe ni 3.1415926. Zu Chongzhi wa China aliijua tangu karne ya 5. Kwa asili ndogo kama 113, ukaribu huo ni mkubwa mno, na chanzo chake huonekana ukiivunjavunja pai.

Toa 3, ibaki 0.14159265. Gawanya 1 kwa baki hilo: 7.0625133. Weka 7 kando, kisha gawanya tena 1 kwa kilichobaki: 15.9965944. Ukiendelea hivyo unapata 1.0034172, halafu 292.63. Namba zilizowekwa kando ni 3, 7, 15, 1, 292, na hazina mwisho, kwa kuwa pai haiandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili. Johann Lambert alithibitisha hilo katika miaka ya 1760, tena kwa kutumia sehemu mfululizo za namna hii.

Sasa kata. Ukiishia kwenye 7 unapata 22/7 ya darasani. Kwenye 15, 333/106. Ukiichukua na ile 1, basi 15 inakuwa 16, 7 na 1/16 ni 113/16, na 3 ukiijumlisha na 16/113 ni 355/113.

Kosa huwa dogo kuliko 1 iliyogawanywa kwa kipeo cha pili cha asili mara namba ya kwanza uliyoiacha. Hapa ndipo penye uzito. Kwa 22/7 iliyoachwa ni 15. Kwa 355/113 ni 292. Zidisha 12,769, yaani kipeo cha pili cha 113, kwa 292, kisha gawanya 1 kwa jibu: kikomo ni 0.000000268, na kosa halisi ni 0.000000267. Ukikokotoa mzingo wa Dunia kwa kipenyo cha kilomita 12,742, 22/7 inakosea kilomita 16 hivi. 355/113 haifikishi hata mita 4.

Uwiano wa dhahabu, 1.618034, hauna bahati hiyo: namba zake zote ni 1. Sehemu yake 144/89 inakosea 0.000056, zaidi ya mara 200 ya kosa la 355/113, ingawa asili zao zinakaribiana.

Anayetaka kuishinda 355/113 hulipa gharama kubwa. Sehemu ya kwanza inayoipita ni 52163/16604, na faida yake ni kushusha kosa kutoka 0.0000002668 hadi 0.0000002662.