Msafiri wa Wakati na Mantiki Yake

Mfululizo wa televisheni wa Uingereza, Doctor Who, ulioanza tarehe 23 Novemba 1963, ulikusudiwa pamoja na mengine kuwafunza watoto historia. Wanafunzi wetu huuhukumu kwa mavazi na tarehe. Kosa lake kubwa, kwa maoni yangu, liko kwingine. Katika hadithi ya Waazteki (1964), Barbara anajaribu kukomesha desturi ya kutoa watu kafara. Anaonywa kuwa historia haibadiliki, naye anashindwa. Mwaka uliofuata, Mtawa mmoja anapanga kumpa Harold ushindi wa Hastings, 1066, na wasafiri wanahangaika kumzuia. Wamzuie kwa nini, ikiwa historia haibadiliki?

Ebrahim Hussein alitenda vingine. Katika Kinjeketile (1969), Wamatumbi wa 1905 wanasema Kiswahili sanifu, na mwandishi mwenyewe alikiri mapema kuwa shujaa wake ni wa kubuni. Sisi wa Bukavu, tusemao Kiswahili kimoja sokoni Kadutu na kuandika kingine darasani, hatukwazwi na hilo. Imani ya maji ikishamponyoka Kinjeketile, kila tendo lazaliwa na lililotangulia, hata kukataa kwake kuikana mbele ya Wajerumani. Mhakiki anayemkosoa Hussein kwa tarehe amesoma kitabu kingine.

Lugha nayo husahauliwa. Msafiri wa televisheni huelewa kila mtu papo hapo. Angeshuka Lamu ya karne ya 18 akaulizia chuo kikuu, huenda angeletewa kitabu kinene.