Kupima Roho Mpakani

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili, na kati ya serikali hizo wako watu wanaokula kwa kupima. Wanashika mabunda ya shilingi za Kenya na za Uganda, wanahesabu kwa kidole gumba huku wakikuuliza habari za safari. Noti bandia ikijipenyeza katikati ya nzuri, kidole husita kabla jicho halijaona. Hakuna aliyezaliwa na kidole hicho. Kimefunzwa na noti halali, nyingi mno, zilizopita mkononi siku baada ya siku.

Nawataja wabadilishaji pesa kwa sababu Kanisa la kale nalo liliwataja. Clement wa Alexandria na Origen walipokea msemo unaohesabiwa kuwa wa Bwana, ingawa haumo katika Injili nne, unaowataka wanafunzi wawe wabadilishaji fedha stadi. Yohane Cassian, mtawa aliyeishi jangwani Misri mwishoni mwa karne ya 4, anasimulia jinsi Abba Musa wa Scetis alivyoufafanua. Wazo likikujia, alisema mzee, angalia kwanza kama ni dhahabu au ni shaba iliyong'arishwa. Likiwa dhahabu, tazama sura iliyopigwa juu yake ni ya mfalme au ya mwasi, maana hata Andiko laweza kugongwa mhuri wa tafsiri potofu. Kisha uliza limetoka katika kiwanda gani. Mwisho, liweke kwenye mizani, kwa kuwa jambo jema likishaliwa na kutu ya majivuno hupungua uzito.

Huu ndio ufundi ninaousifu: kupima roho. Mtume Paulo anautaja miongoni mwa karama anapowaandikia Wakorintho, lakini Waraka kwa Waebrania unasema kwamba waliokomaa wamezizoeza akili zao kwa matumizi hata wakaweza kutofautisha mema na mabaya. Mazoezi, basi, yana sehemu kubwa. Nasikitika kwamba makanisani tumeipenda karama tukausahau ufundi: tunamtafuta mwenye maono atuambie tuoe nani, tununue kiwanja gani, tupande mbegu ya shilingi ngapi. Sala fupi ya jioni ya kuikagua siku, kuuliza ni wapi moyo ulipanuka na ni wapi ulikauka, inaonekana kazi ya watoto. Ndiyo shule yenyewe. Ignatius wa Loyola aliianza akiwa kitandani, mguu ukiwa umevunjwa na mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Aligundua kwamba ndoto za ushujaa zilimfurahisha kisha zikamwacha mkavu, ilhali habari za watakatifu zilimwachia furaha iliyodumu. Baadaye akawaonya wengine wasibadili uamuzi mzuri wakati moyo umo gizani.

Watu wa mpakani wangeweza kumwongezea Abba Musa kipimo cha tano. Tarehe 1 Juni 2019 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 ingetumika mwisho tarehe 30 Septemba mwaka huo. Noti ile ilikuwa halali kabisa, alama zake zote zilikuwa sahihi, na bado Oktoba ilipoingia haikununua hata chumvi. Neno la Mungu halichakai, lakini maelekezo aliyopewa mtu yana majira yake. Kijana aliyeambiwa katika mkesha aache kazi akahubiri, akatii, akawaleta wengi, anaweza kuitwa arudi shambani akiwa na miaka hamsini. Akiishikilia sauti ya zamani kwa sababu tu ilikuwa ya kweli, anashika noti iliyokwisha muda.

Nchi zote mbili zinazokutana Busia zimezika watu kwa kukosa ufundi huu. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo la ibada. Shakahola, Kenya, kuanzia Aprili 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Wengi walikuwa watoto, ambao hawakuwa na la kupima. Cassian anasimulia habari za Heron, mzee aliyefunga na kukaa peke yake jangwani miaka hamsini, hata akatokewa na aliyedhani ni malaika akimwambia ajitupe kisimani, kwamba kwa wema wake hatadhurika. Alijitupa. Siku ya tatu akafa. Bidii hakuikosa hata kidogo. Alikosa watu: hakutaka kula na ndugu zake hata siku ya Pasaka, wala kulileta neno lake mbele ya wazee.

Ndiyo maana nawaheshimu sana Balokole, watu wa uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na kutoka kilima cha Namirembe, ambako Simeoni Nsibambi na Joe Church waliomba pamoja mwaka 1929. Uamsho ule ulivuka mpaka huu ukaingia Kenya, nao ulikuja na desturi ya kutembea nuruni: ukidhani Mungu amekuambia jambo, unalileta kwenye ushirika, unaulizwa, unangoja. Najua ushirika nao waweza kuwa mkali, ukambana mtu hadi akakosa pumzi. Hata hivyo nabii asiyekubali kuulizwa ananitia hofu kuliko ndugu wanaouliza kupita kiasi. Kitabu cha kale cha Didake kinaagiza mhubiri wa kupita apokewe kama Bwana mwenyewe, lakini akikaa siku ya tatu, au akiomba fedha, ahesabiwe nabii wa uongo. Wakristo wale hawakuona aibu kupima roho kwa hesabu ya siku na ya fedha.

Chukua mama wa Tororo, upande wa Uganda. Wakala amemwahidi binti yake kazi za nyumbani huko Ghuba, na mama amefunga siku tatu akapata amani. Akilileta jambo hilo kwenye jumuiya ndogondogo, wenzake hawataanza kwa kuikemea amani yake. Watamuuliza: Amani hiyo, mama, ilikuja kabla ya kutajiwa mshahara au baada? Wakala ana leseni ya serikali, na ofisi yake umeiona? Pasipoti itashikwa na nani akishafika? Kwa nini ada lazima ilipwe kabla ya Ijumaa? Watamtafuta dada aliyerudi kutoka huko, aje aketi nao aeleze aliyoyaona. Na binti, ambaye hadi hapo amenyamaza nyuma ya mama yake, ataitwa mbele aseme mwenyewe anachokisikia akiomba.